SARATANI YA WANAWAKE: KWA NINI WILAYA HII HUZIKA KULIKO ILE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa Jumuiya)





Katika nyumba ya msiba husikika maneno mawili juu ya mwanamke aliyekufa kwa saratani. Neno la kwanza ni kwamba ajali yake ilikuwa imefika, na hilo halina mshindani. Neno la pili husemwa kwa sauti ya chini: kwamba kijiji fulani kina nuksi, ama maji ya upande ule ni mabaya, ama ukoo ule umelogwa, maana alikufa mama, akafuata shangazi, na leo ni zamu ya binti. Neno hili la pili ndilo litakalozungumzwa hapa, kwa kuwa ndani yake mna ukweli uliochanganyika na upuuzi, na vitu vikichanganyika hivyo havina budi kupepetwa.

Ukweli wake ni huu, kwamba saratani haiui sawasawa kila mahali. Zipo nchi ambazo ndani yake wanawake wa wilaya moja hufa kwa maradhi haya kuliko wanawake wa wilaya jirani, ilhali mvua ni moja na lugha ni moja. Upuuzi ni ile haraka ya kutaja sababu kabla ya kuuliza.

Na haraka hiyo si ya wasiosoma peke yao. Huko Uingereza, ambako tangu mwaka 1837 mauti huandikwa katika daftari za serikali, palikuwa na tabibu jina lake Alfred Haviland. Katika mwaka 1875 alichapisha kitabu cha ramani, na mojawapo ilikuwa ramani ya vifo vya wanawake kwa saratani katika Uingereza na Wales. Alichukua vifo vya miaka kumi, tangu 1851 mpaka 1860, akavigawa kwa wilaya, akapaka rangi. Alipoitazama kazi yake aliona kwamba wilaya zilizo katika mabonde ya mito, pale maji yanapofurika kila mwaka juu ya udongo wa mfinyanzi, zilikuwa na vifo vingi, na zile za juu penye mawe ya chokaa zilikuwa na vichache. Basi akahukumu kwamba mto na udongo ndivyo vyenye hatia.

Alikosea. Hapana aliyeweza kuonyesha tangu siku zile kwamba mafuriko ya mto huleta saratani. Lakini mtu asimcheke Haviland, maana ramani yake ilikuwa kazi ya uaminifu. Kilichokuwa dhaifu ni mkia alioufunga nyuma ya ramani. Ramani huonyesha mahali, wala haisemi kwa nini. Tena katika zama zake tabibu mmoja huweza kuandika saratani pale ambapo mwingine, katika wilaya ya mbali, angeandika uzee au kudhoofika tu, kwa hiyo sehemu ya tofauti aliyoiona yawezekana ilikuwa tofauti ya kalamu.

Kabla ya kuendelea yapasa kueleza mambo mawili ya hesabu, kwa sababu mwenye kuyakosa hudanganyika upesi. Na ichukuliwe mfano wa vijiji viwili, kila kimoja kina wanawake 1,000. Katika cha kwanza vijana wamekwenda mjini kutafuta kazi, wakabaki bibi wazee. Cha pili kimejaa mabinti na wake wachanga. Kijiji cha kwanza huenda kikazika wanawake 6 wa saratani katika muda ambao cha pili kimezika 2, wala pasiwe na sumu yoyote katika kisima chake, maana maradhi haya aghalabu hungoja umri. Ndiyo sababu wataalamu hawalinganishi wilaya na wilaya mpaka kwanza wamesawazisha umri wa watu wake. Jambo la pili ni udogo wa hesabu. Kijiji kilichozika wanawake 2 mwaka huu na mwaka ujao kisizike hata mmoja hakikuwa na nuksi, wala hakikupona. Bahati tu imekwenda na kurudi. Mpaka ziwe zimekusanywa hesabu za miaka mingi na watu wengi, hapo ndipo tofauti huanza kuwa na maana.

Wamarekani walifanya hivyo. Katika mwaka 1975 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilitoa kitabu kikubwa cha ramani kilichokusanya vifo vya miaka ishirini, kuanzia 1950 hadi 1969, katika kaunti 3,056, kwa aina 35 za saratani, wanaume mbali na wanawake mbali, na umri ukiwa umekwisha sawazishwa. Mambo mengi yalijitokeza humo. Kwa wanaume, kaunti za pwani zilionyesha saratani ya mapafu kupita kiasi, na walipofuatilia wakakuta kwamba wengi walifanya kazi katika viwanda vya kuunda meli wakati wa vita vya pili, wakivuta vumbi la asbesto.

Lakini ramani iliyowashangaza zaidi ilikuwa ya wanawake. Saratani ya kinywa na koo, popote katika nchi zile, hujulikana kuwa ni ya wanaume, kwa kuwa huletwa na sigara na pombe. Hapa, katika majimbo ya kusini-mashariki, hasa mashambani, wanawake walikuwa wakifa kwa saratani ya kinywa kuliko wanawake wenzao wa sehemu nyingine zote. Wengi wao hawakuwa wavuta sigara. Sasa ni kitu gani? Mtu wa nyumba ya msiba angesema maji. Haviland angesema udongo.

Wachunguzi hawakusema kitu. Walikwenda katika jimbo la North Carolina, wakawatafuta wanawake 255 waliopatwa na saratani ya kinywa au koo, na wengine 502 wasiokuwa nayo, wa kulinganisha nao. Wakawauliza wao wenyewe, na kwa waliokwisha kufa wakawauliza jamaa zao: mama huyu alikula nini, alifanya kazi gani, meno yake yalikuwaje, alivuta, alikunywa? Jibu likatoka katika jambo dogo ambalo jamaa hawakuliona kuwa jambo. Wanawake wa huko walikuwa na desturi ya ugoro. Si wa kuvuta puani, bali wa kuutia kati ya shavu na ufizi na kuuacha humo kwa saa nyingi. Wengine walianza wakiwa wasichana, wakaendelea mpaka uzeeni. Ni ulevi wa kimya: hautoi moshi, hauwi harufu ya pombe, haushughulishi mikono, na mwanamke aweza kufua, kupika na kulea nao ukiwa shavuni.

Hesabu zilizochapishwa mwaka 1981 zilikuwa nzito. Miongoni mwa wanawake weupe wasiovuta sigara, mwenye kutumia ugoro alikuwa katika hatari ya saratani ya kinywa na koo kiasi cha mara 4 ya asiyetumia. Na kwa wale waliotumia kwa miaka mingi, saratani ya ufizi na ya upande wa ndani wa shavu, yaani mahali pale pale ugoro unapokaa, hatari ilikaribia mara 50. Katika mwaka 1986 serikali ya Marekani ilitunga sheria kwamba tumbaku isiyovutwa nayo iandikwe onyo juu ya kopo lake, na matangazo yake katika redio na televisheni yakakatazwa.

Hapa yafaa kusimama kidogo, maana jambo hili si la Wamarekani tu. Tangu Lamu hadi Unguja, na katika nyumba nyingi za bara walikofika watu wa pwani na Wahindi, tambuu ni heshima ya mgeni. Jani lenyewe, chokaa, katu, popoo, na kwa wengi tumbaku juu yake. Shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani, lililoko Lyon katika Ufaransa, lilisema mwaka 1985 kwamba tambuu yenye tumbaku huleta saratani, na katika kitabu ilichokitoa mwaka 2004 likaongeza kwamba popoo yenyewe, hata bila ya tumbaku, huleta saratani. Baba aliyempiga mwanawe kwa sababu ya sigara, kisha akamtuma dukani akamnunulie bibi tumbaku ya tambuu, amefunga mlango na kuacha dirisha. Wala haifai kusema kwamba bibi ametafuna miaka arobaini na hana neno. Wanawake wa North Carolina nao walikuwa na bibi wa namna hiyo.

Si kila ramani huzaa jibu la wazi kama hili. Katika kisiwa cha Long Island, karibu na mji wa New York, wanawake waliona kwamba saratani ya matiti imezidi kwao, wakashuku dawa za kuulia wadudu, kama DDT, zilizomwagwa mashambani miaka ya nyuma. Walipaza sauti mpaka baraza la Marekani likaamuru kwa sheria ya mwaka 1993 kwamba uchunguzi ufanywe. Majibu ya mwaka 2002 hayakuonyesha kwamba wenye dawa hizo mwilini waliugua kuliko wengine. Wengi walivunjika moyo. Lakini kukanusha sababu ya uongo nako ni elimu, maana fedha na hofu huacha kumwagwa mahali pasipo na maana.

Sababu zilizo wazi za saratani ya matiti zilikuwa zimeanza kujulikana zamani. Katika mwaka 1926 tabibu mwanamke wa Kiingereza, Janet Lane-Claypon, alilinganisha wanawake 500 wenye maradhi hayo na 500 wasiokuwa nayo, akaona kwamba waliougua aghalabu waliolewa kwa kuchelewa, walizaa watoto wachache, na walinyonyesha kidogo. Miaka 76 baadaye wataalamu walikusanya pamoja uchunguzi 47 uliofanywa katika nchi 30, wakaona kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya mwanamke kwa asilimia 4 na zaidi kidogo, mbali na asilimia 7 kwa kila mtoto azaliwaye. Waislamu wanayajua yale yaliyoelekezwa katika Qur'ani juu ya kunyonyesha miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza. Akina mama wanaoshawishika kumtoa mtoto titi mapema, kwa sababu maziwa ya kopo ni alama ya mjini, wayajue haya nayo.

Basi mtu atadhani kwamba, ikiwa saratani ya matiti huwapata zaidi wanawake wa miji ya kitajiri wazaao kidogo, hao ndio wanaokufa zaidi. Hapo ndipo penye fumbo kubwa. Kuugua ni kitu kimoja, na kufa ni kingine. Wilaya inaweza kuwa na wagonjwa wengi na makaburi machache, na nyingine wagonjwa wachache na makaburi mengi.

Mji wa Chicago ni ushahidi. Kiasi cha mwaka 1980 wanawake weusi na weupe wa mji huo walikuwa wakifa kwa saratani ya matiti karibu sawasawa. Kisha zikaja picha za kupima matiti na dawa zilizo bora. Vifo vya wanawake weupe vikashuka, vya weusi havikushuka, na ilipofika mwaka 2003 wanawake weusi walikuwa wakifa kwa asilimia 68 zaidi. Miili yao haikubadilika katika miaka ishirini na tatu. Damu ya ukoo haibadiliki upesi hivyo. Kilichobadilika ni dawa, nayo ilisimama katika mitaa fulani na haikuvuka barabara. Hospitali zilizowahudumia wanawake weusi zilikuwa na mashine chache na watu wachache wa kusoma picha zake. Mji ulipoanza kushughulikia jambo hilo, pengo likaanza kupungua, na kupungua kwake ni dalili kwamba halikuwa la maumbile.

Afrika nayo imepimwa. Katika Namibia, Nigeria, Uganda na Zambia waliandikwa wanawake waliogunduliwa kuwa na saratani ya matiti, wakafuatwa kwa simu miaka iliyofuata. Baada ya miaka mitatu nusu yao tu walikuwa hai. Lakini katika Namibia peke yake, wanawake weupe waliobaki hai walikuwa asilimia 90, na weusi asilimia 56. Nchi moja, bendera moja. Wengi waliokufa walifika hospitali uvimbe ukiwa umekwisha kuwa mkubwa, na hilo linaelekea huku nyumbani.

Katika Uganda kuna daftari la saratani lililoanzishwa Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1950 katika Chuo cha Makerere, nalo ni miongoni mwa madaftari ya zamani kabisa katika Afrika. Huhesabu watu wa kaunti ya Kyadondo, yaani mji wa Kampala na viunga vyake. Mulago ndiko alikokuwa Denis Burkitt, mpasuaji aliyeondoka mwaka 1961 na wenzake wawili katika gari kuukuu wakaenda maili 10,000, hospitali kwa hospitali, mpaka Afrika ya kusini, akiuliza mahali ambapo saratani ya taya za watoto huonekana na mahali ambapo haionekani. Maradhi yale yalikuwa ya watoto, siyo ya wanawake, lakini namna yake ya kuuliza ni ile ile. Na katika mwaka 1967 ilianzishwa Taasisi ya Saratani ya Uganda hapo hapo Mulago.

Sasa mtu akifungua vitabu na kutafuta saratani za wanawake wa Uganda, atakuta Kyadondo imejaa. Baadaye daftari jingine liliwekwa Gulu, na Gulu nayo ikaonekana kuwa na wagonjwa. Je, wilaya nyingine ambazo hazimo katika daftari lolote zimesalimika? La, hasha. Wilaya isiyoandikwa kuwa na saratani aghalabu ni wilaya isiyokuwa na mwandishi. Mwanamke wa Arua au wa Karamoja anayetokwa na damu, akatibiwa kwa mizizi, akafa mkekani, hakuongeza hata moja katika hesabu ya serikali. Ramani ya nchi hubaki nyeupe mahali pale, na weupe huo husomwa na wakubwa wanaogawa fedha kana kwamba ni afya.

Saratani inayoongoza kwa wanawake wa Uganda ni ya mlango wa kizazi. Hii imefahamika sababu yake kuliko nyingine. Harald zur Hausen, Mjerumani, alionyesha katika mwaka 1983 kirusi kilichomo ndani ya uvimbe huo, na mwaka 2008 akapewa tuzo ya Nobel. Kirusi hicho hupitishwa katika tendo la mume na mke, na ni cha kawaida mno, kiasi kwamba watu wengi hukipata wakati fulani na wengi miili yao hukiondoa. Kwa wachache hubaki, na kikibaki huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuwa saratani. Kwa mwanamke mwenye virusi vya Ukimwi hatari ni mara 6.

Jambo hili lisemwe bila kificho, kwa kuwa limewaua wengi: maradhi haya si ushahidi wa uovu wa mwanamke. Mke aliyejihifadhi tangu nyumbani kwa baba yake aweza kuletewa kirusi na mumewe kitandani mwake mwenyewe. Wako wanawake waliotokwa na damu mwaka mzima wasimwambie mtu, wakiogopa kuulizwa walikuwa na nani. Aliyeufanya ugonjwa kuwa aibu amemzuia mgonjwa kwenda kwa tabibu.

Na wako wanaume wasemao kwamba Waislamu hawahitaji kushughulika, kwa kuwa wametahiriwa. Katika neno hili mna chembe ya ukweli, na ukweli wenyewe ulipimwa hapa hapa Uganda. Katika wilaya ya Rakai wanaume wengine walitahiriwa na wengine wakangojewa, kisha wake zao wakapimwa. Majibu yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba wake wa waliotahiriwa walipatwa na virusi vya hatari kwa upungufu wa asilimia 28. Ni faida. Lakini atakayehesabu vizuri ataona kwamba 72 katika kila 100 bado zipo, na mume aliyetahiriwa akaenda huku na huku hakuibeba tohara kama hirizi.

Katika mwaka 2022 maradhi haya yalipata wanawake 660,000 hivi duniani, na kuua 350,000. Katika kila vifo 100, vifo 94 vilikuwa katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Si kwa sababu kirusi kinachagua. Ni kwa sababu huko kwingine mwanamke hupimwa mapema, na doa likionekana huondolewa kabla halijawa saratani. Kupima kwenyewe si lazima kuwe na mashine kubwa. Muuguzi aliyefundishwa hupaka siki nyepesi juu ya mlango wa kizazi, akangoja dakika moja, akatazama kama pana mahali pamekuwa peupe, na pengine hupatibu siku ile ile. Siki ni ile ya jikoni iliyozimuliwa. Kinachotofautisha kata na kata ni mambo ya chini kabisa: kama muuguzi yupo, kama ni mwanamke, kama kituo kina chumba chenye pazia, kama nauli ni shilingi ngapi. Mwanamke wa stara anayeambiwa kwamba atatazamwa na kijana wa kiume hurudi nyumbani, na jina lake huandikwa miongoni mwa wasiopenda kupimwa. Kumbe alipenda.

Na aliyekwisha kuugua huhitaji mionzi. Kutoka Arua mpaka Mulago ni zaidi ya kilomita 450, na matibabu ya mionzi huchukua majuma kadhaa, siku baada ya siku. Mwaka 2016 mashine ya mionzi iliyokuwa Mulago iliharibika kabisa, na nyingine haikuanza kazi mpaka mwaka 2018. Wenye uwezo walivuka mpaka kwenda Nairobi. Wasiokuwa nao walirudi walikotoka. Vifo vya miaka ile havikugawanyika kwa maji wala kwa udongo. Viligawanyika kwa nauli.

Chanjo ya kirusi hiki ilianza kutolewa Rwanda kwa wasichana wa nchi nzima mwaka 2011, mbele ya nchi nyingine za Afrika, na Uganda mwaka 2015. Hutolewa kwa msichana mdogo, kiasi cha miaka 10, kwa sababu hufaa kabla hajakutana na kirusi, yaani miaka mingi kabla ya ndoa. Wazazi waliosema kwamba kumchanja binti ni kumruhusu uovu wanapaswa kuulizwa kama chanjo ya pepopunda ilimruhusu mtu yeyote kukanyaga misumari. Wasichana wasio shuleni, na wale wa madrasa zisizofikiwa na wauguzi, ndio hukosa. Mlango huo uko mikononi mwa walimu wa madrasa, wala hauhitaji fedha kuufungua. Barua moja kwa kituo cha afya yatosha.

Limebaki jambo la daftari, nalo ndilo lililofanya hotuba hii isomwe mbele ya Jumuiya na siyo mbele ya matabibu.

Maiti ya mwanamke Mwislamu huoshwa na wanawake. Hao waoshaji huona mambo ambayo tabibu wa wilaya hakuyaona, na pengine mume hakuyaona: titi lililogeuka kidonda, limefungwa kitambaa miezi mingi chini ya buibui, tumbo lililojaa, damu. Kisha hufunika sanda, na hawasemi, kwa kuwa adabu ya mwenye kuosha ni kusitiri alichokiona. Adabu hiyo ni njema na hapana anayetaka kuivunja. Lakini kusitiri jina la marehemu si sawa na kuficha maradhi ya mji. Aibu hushikamana na mtu. Hesabu haina mtu. Akisemwa fulani binti fulani, amefedheheshwa. Ikisemwa kwamba katika vijiji vinane wamezikwa wanawake 11 wa uvimbe wa titi katika miaka 5, hapana aliyefedheheshwa, na tabibu mkuu wa wilaya amepata kitu cha kupeleka kwa wakubwa wake.

Misikiti mingi huweka daftari la maziko kwa ajili ya michango ya sanda na kuchimba kaburi. Ndani yake huwa jina, tarehe na fedha. Pendekezo ni kwamba liwepo daftari la pili, dogo, lisilo na majina. Humo ziandikwe nguzo nne tu: mwezi na mwaka; umri kwa kukadiria, walau chini ya miaka 40, kati ya 40 na 60, au juu ya hapo; kijiji alichoishi, siyo alichozaliwa, maana wengi hurudishwa kwao kuzikwa na hesabu ikaharibika; na maradhi kwa maneno ya kawaida, jinsi watu wa nyumbani walivyoyaeleza. Mwoshaji si tabibu, wala asijaribu kuwa tabibu. Aandike uvimbe wa titi, au kutokwa na damu baada ya hedhi kukoma, au kidonda cha kinywa, au asijue, na neno hajui liandikwe vile vile, maana daftari lisilo na hajui limedanganya mahali.

Kijiji kikubwa na kidogo visilinganishwe kabla ya miaka mitatu au minne kupita, kwa sababu iliyoelezwa hapo mwanzo. Mara moja kwa mwaka jumla ya kila kijiji itolewe na kupelekwa kwa tabibu wa wilaya, naye aulizwe kwa maandishi ni lini muuguzi wa kike wa kupima kwa siki atafika katika kile kijiji chenye jumla kubwa, na pia katika kile ambacho hakikuleta jumla yoyote.

Daftari la namna hiyo huuzwa katika duka lolote. Lililobaki kwa mkutano ni kuamua litakaa kwa katibu wa Jumuiya, au kwa mama anayewaongoza waoshaji.